Kiti Ambacho Sijakiegemea

Mbeyu mwanangu,

Salamu nilikwisha kukupa mchana, ulipopita na karai la mchele ukaniitikia bila kunitazama, kwa hiyo hapa sizirudii. Mimi ni mzima, ila nyonga inaniambia mvua iko karibu. Wewe najua u mzima, maana tangu asubuhi naisikia sauti yako ikiamrisha watu wazima huko uani.

Mambo ya kuamka kabla ya jua, na maji ya kuoga ya mume yawe ya moto kiasi gani, sitayagusa. Mama yako na wenzake wa kanisani wamekujaza hayo wiki nzima, ukiinama yatamwagika. Mimi nina jambo langu moja, na nataka ulijue kabla hujavaa lile gauni kesho.

Juzi ulinishika mkono nyuma ya jiko ukaniambia, "Baba mdogo, nenda Msambweni kamwambie Stefano. Yule mtoto wake apelekwe kwa bibi yake Lunga Lunga kabla ya harusi, akae huko huko. Na vitu vya mama yake vitoke vyote. Nikikuta hata kijiko, nageuka na gari lile lile."

Nikachukua baiskeli nikaenda. Jana nimerudi, ukaniuliza, "Umefika?" Nikasema nimefika. "Amesemaje?" Nikasema amesema karibu sana. Yote mawili ni kweli. Nilifika, na alisema karibu sana, alisema nilipokuwa navua viatu mlangoni. Lakini maneno yako sikumpa. Ninayo mpaka sasa, yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Usinune kwanza. Soma, ukimaliza utanuna, nitakuachia nafasi.

Najua kinachokukereketa. Stefano ni dresa, mfunga vidonda wa hospitali, ana kazi ya serikali na viatu vinavyolia akitembea, wasichana wote wa kanisani wanakutazama kwa kijicho. Lakini amekwisha kuoa mara moja. Mkewe alifariki, akamwachia kile kitoto, Nyevu. Basi wewe huolewi na Stefano peke yake, unaolewa na Stefano na mtu ambaye hutamwona. Mtu huyo hakuchafui wala hakutukani, ila kila ukigusa kitu, amekwisha kukigusa yeye kwanza. Huo ni wivu, mwanangu. Na kwa wivu, kutoka Likoni mpaka mpakani hayupo wa kunishinda mimi. Wengine humwonea wivu mtu aliye hai, mtu wa kumvizia njiani mkamalizana. Mimi nimemwonea wivu marehemu, tena marehemu mwenyewe baba yako, na sijaacha mpaka leo. Hebu nikueleze kazi hiyo inavyofanywa, maana naona unaianza vibaya.

Wewe wamjua baba yako kwa ile picha ya ukutani. Mimi nilimjua kwa fimbo. Mwalimu Yona alikuwa mwalimu wa kanisa hapa Diani, na siku za juma alitusomesha watoto chini ya paa la makuti, na jioni alikuwa seremala. Mimi nilifika darasa la tatu. La tatu lenyewe sikulimaliza, kwa kuwa yeye aliona napenda kupanda minazi kuliko kupanda madarasa, na mimi sikuwa na hoja. Lakini mwandiko alinipa. Itazame hii barua: hizi herufi zilizosimama wima kama askari wa gwaride, ni zake. Miaka yote nimejaribu kuzilaza kidogo ziwe zangu, hazilali. Yaani hata nikitaka kumlalamikia, namlalamikia kwa mkono wake.

Alifariki kwa homa ya muda mrefu mwaka ule vita vikubwa vilipokuwa vinaelekea kwisha na sukari haipatikani. Wewe ulikuwa hujaanza kutembea vizuri. Mama yako akakaa mjane, akilima, akishona, akikubeba. Mimi wakati ule nilikuwa kijana mgema wa tembo la mnazi, sina mke, sina deni, na hapakuwa na mnazi kutoka hapa hadi Mwabungo ambao haukunijua kwa jina. Nilikuwa nikipita kwenu kugema ile minazi ya mpakani. Nikiwa juu naona ua wenu wote, na mama yako akifua. Ananiambia, "Tsuma, tazama unapokanyaga." Namwambia, "Natazama." Yeye anajua sitazami minazi.

Basi nikaposa. Mtoto wa watu, kijana, mzuri, tena mrefu, nikamposa mjane aliyenitangulia kuzaliwa. Nilidhani watanishukuru. Badala yake likaitwa baraza la wazee wa kanisa.

Baba yako mkubwa alikuja kutoka Kinango na ile fimbo yake yenye kichwa cha shaba. Akasema mke wa ndugu yake ni wa nyumba yao, kwa mila ni yeye wa kumrithi, na kanisa likitaka kubishana na mila likabishane na makaburi. Mzee Zakaria, yule aliyekuwa anashika ufunguo wa kanisa, akasema la, hata huyo asimchukue. Mjane wa mwalimu ni mjane wa kanisa, akae na Bwana, afue vitambaa vya meza takatifu mpaka aitwe. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Jirani yetu Bi Mwanasha alikuwa upande wa pili wa ua anaanika kanga, hakuweza kuvumilia. Akasema juu ya ua, "Sisi mwanamke akitoka eda, akitaka huolewa na biriani likaliwa. Nyinyi mwakaa vikao."

Padri aliyetoka Mombasa akacheka, kisha akamwuliza mama yako anasemaje. Kumbe katika wote wale hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Mama yako alisimama. Wewe ulikuwa mgongoni, umelala. Akasema, "Nilimwahidi Mwalimu mbele ya watu kwamba nitakaa naye mpaka kifo. Kifo kimekuja, nami nilikuwapo, nimeshika kichwa chake. Sikuvunja kitu. Kile nilichoahidi nimekimaliza. Sasa mnataka nimalize nini tena?"

Padri akasema hivyo ndivyo Paulo mtume alivyofundisha: mke amefungwa kwa mume wakati mume yu hai; mume akifa, mke yuko huru kuolewa na amtakaye, mradi awe mtu wa Bwana. Wote wakageuka kunitazama mimi, mtu wa Bwana, nimekaa mlangoni nanuka tembo.

Ndipo nikabatizwa. Kugema niliacha, minazi sikuiacha. Tangu siku ile mimi ni mkwezi tu, naangusha nazi na madafu, tembo nalisikia harufu kwa mbali kama mtu anayesikia habari za kwao. Watu wa hapa wanasema nilimfuata mwanamke mpaka majini. Ni kweli, na maji yenyewe yalikuwa ya baridi.

Katika mafundisho ya ubatizo nilimwuliza Padri swali. Usinicheke, kwa sababu nimesikia na wewe umemwuliza swali hilo hilo mwezi uliopita. Nilimwuliza, "Siku ya ufufuo, Mwalimu Yona akiamka na mimi nikiamka, huyu mama atakwenda na nani?" Padri akasema Bwana mwenyewe aliulizwa hivyo, juu ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, na akajibu kwamba kule hawaoi wala hawaolewi. Nilifurahi sana. Nilirudi nyumbani napiga mluzi: basi Mwalimu hatampata. Nilifika karibu na kisima ndipo nikasimama. Kwani na mimi je? Nikageuza baiskeli nikarudi kumwuliza tena. Padri akaniambia, "Tsuma, wewe hujaoa bado, na tayari unagombania mbinguni. Nenda kalale."

Basi nikaoa. Na hapo ndipo wivu ulipoanza kazi yake kweli, maana mke nilimpata, nyumba ikabaki ya Mwalimu.

Kitanda alikichonga yeye. Nikasema mimi silali hapo. Nikachonga changu. Mwanangu, mimi nikishika panga juu ya mnazi huwezi kunikosoa, lakini mbao hazinipendi. Kitanda kile kilivunjika usiku wa kwanza, mlio ukafika mpaka kwa Bi Mwanasha, na asubuhi alinisalimia kwa heshima kubwa sana. Mama yako alicheka mpaka akalia, na alipokuwa anacheka nilimwona si mjane wala si mke wa Mwalimu, ni yeye tu. Nikalala kwenye kitanda cha Mwalimu. Ni kitanda kizuri, sikulalamika tena, ila kila nikikaa nasikia mbao zake hazilii, na hilo linaniuma.

Kanisani ni hivyo hivyo. Mabenchi yote ni kazi yake. Kila Jumapili mimi Tsuma, mume wa watu, nakaa juu ya kazi ya mume wa kwanza wa mke wangu na kumwomba Mungu anipe moyo safi. Nikipata, nainuka kuimba, jirani ananinong'oneza, "Mwalimu alikuwa na besi." Basi moyo unachafuka tena.

Na marehemu hakosei, Mbeyu. Hilo utaliona. Mimi naingia na matope, yeye yuko ukutani na tai. Mimi nasahau chumvi dukani, yeye hajasahau kitu tangu afariki. Siku moja mama yako alisema, bila kufikiri, "Mwalimu naye alikuwa akikoroma." Niliishi kwa furaha juma zima.

Nikaona nimalize jambo. Nikamwambia mama yako, "Ile picha iondoke." Yeye alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho. Akaitundua picha, akaja, akaniwekea mkononi. "Haya. Mpelekee mtoto. Mwambie wewe kwa nini inatoka." Nikatoka nje. Wewe ulikuwa kwenye mchanga unapikia vifuu vyako. Ukaona picha. Ukasema, "Baba anakwenda wapi?"

Nikasema, "Anapata hewa kidogo."

Tukampa hewa, wewe na mimi, tukamweka kwenye kivuli cha mpera mpaka jua likashuka, ukamlisha wali wa mchanga, na mimi ukanipa mabaki yake. Kisha nikamrudisha ukutani. Ndiyo maana picha ile imekaa upande mpaka leo, nilipigilia mimi.

Sasa tufike kwenye kiti, maana ndicho kilichonifanya nikae hapa kuandika badala ya kwenda kula pilau na wenzangu.

Kile kiti cha mbambakofi, chenye mikono, alikichonga kwa ajili yake mwenyewe alipoanza kuumwa. Wewe ulikuwa hukumbuki uso wake, lakini kiti ulikijua. Kila jioni ulikuwa unatandika juu yake kitambaa, unaweka kile kijiti ulichokifunga kanga ukakiita mwana, na unakaa chini kukilinda. Mgeni akitaka kukaa unasema, "Kiti cha baba." Padri mwenyewe ulimwambia. Alikaa juu ya kinu.

Mimi nilijaribu kila njia. Nilikuletea miwa, nilikuletea kasuku akanitoroka njiani, nilikuchezesha ngoma kwa makopo. Miwa ulikula. Kiti uliendelea kukilinda. Ukaniita baba mdogo kwa sababu mama yako alikuambia uniite baba, na wewe ukanikatia kipande tu cha neno hilo. Mdogo. Na mimi ni mrefu kuliko yeye, ile picha inaonyesha wazi, amesimama mlangoni na hafiki kizingiti cha juu. Lakini nikaitika. Nilikuwa na hasira na mtoto ambaye hata kuvaa nguo alikuwa anavaa nyuma mbele. Nilijua ni upuuzi, na hasira haikujali.

Halafu ikaja ile Jumapili ya wageni. Walitaka madafu. Nikasema mkwezi yupo, na kwa kuwa akina mama wote walikuwa wanatazama, nikapanda ule mnazi mrefu wa nyuma ya kanisa bila kamba ya miguuni, naimba. Watu husema niliteleza. Sikuteleza. Mnazi ule ulikuwa na chuki, ulinitupa. Wakanileta nyumbani juu ya mlango uliong'olewa, nyonga imevimba kama fenesi, na kulala siwezi, nikilala nalia, nikisimama nalia. Wakawa wanaulizana huyu tumkalishe wapi, kigoda kifupi, mkeka hauwezekani. Watu wazima wote wanakijua kiti na wanakujua wewe.

Ukainuka. Ukamwondoa mwanao wa kanga, ukakunja kitambaa, ukakivuta kiti mwenyewe, kinakwaruza sakafu, umekunja uso kama karani. Ukakileta mpaka mbele yangu. Ukaniambia, "Kaa. Lakini usiegemee."

Nikasema, kwa sauti ya mgonjwa, "Kwa nini nisiegemee?"

Ukasema, "Hapo nyuma ni mgongo wa baba."

Nikatazama. Kweli, kwenye ubao wa nyuma pana mahali palipong'aa, pamesuguliwa na mtu aliyekuwa akikaa akingoja jioni. Nikakaa. Nilikaa ukingoni, nimesimamisha mgongo, nyonga inawaka moto, na sikuegemea.

Kuanzia siku ile nakikalia kiti, na sijakiegemea hata mara moja. Watu kanisani wananisifu kwa mgongo wangu ulionyooka, wanadhani ni wokovu. Ni wewe. Ningeweza kuegemea ulipokuwa umelala, ulipokuwa bweni ukisomea ualimu, ulipokwenda Kinango kwa baba yako mkubwa. Nilijisemea kwamba nikiegemea kwa wizi, nitakuwa nimemnyang'anya Mwalimu mgongo wake, na sitakuwa nimekupata wewe. Mimi ni mtu wa majivuno, unanijua, sitaki kitu cha wizi. Nilitaka unipe.

Sasa sikiliza nilivyokwenda Msambweni.

Nilipofika, Stefano alikuwa bado kazini, jirani akaniambia kaa ungoje. Mlangoni nikamkuta yule mtoto, Nyevu. Mdogo, kichwa kimenyolewa, goti lina kidonda kilichofungwa vizuri sana, kufungwa kwa dresa. Amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ameipanda kama farasi, hana nazi, hana sahani, amekaa tu.

Nikamwambia, "Hujambo, mama?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Unakuna nini?"

"Sikuni."

"Basi nipishe nikae, nimetoka mbali na nyonga inaniuma."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. Akasema, "Hii ni ya mama."

Mwanangu, nilihisi nyonga inaanza kuuma upya. Nilikaa chini kwenye vumbi na suruali yangu nzuri.

Nikamwuliza, "Na mama yako mpya akija kesho kutwa, akitaka kukuna nazi?"

Akafikiri. "Aje na yake."

Stefano akaja, akaniambia karibu sana, karibu Baba, akavua koti, akaanza kupika maharage. Maharage bila tui. Nikamwuliza kulikoni, dresa mzima, minazi imejaa hapa. Akacheka kidogo, akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Tangu mama yake afariki hatujakuna nazi. Hashuki pale. Nikimshusha kwa nguvu analia mpaka anatapika. Basi tunakula hivi hivi." Kisha akasema, "Namwambia Mbeyu anakuja. Ananiuliza, Mbeyu ni nani. Sijui nimjibuje. Baba, ungenifundisha." Akaniambia mimi nimfundishe. Mimi ambaye nilikwenda na maneno yako mfukoni.

Nikala maharage. Nikamwambia yanahitaji chumvi. Nikapanda baiskeli.

Njiani kabla ya Gazi nilisimama nikajiuliza, huyu mtoto nimemwona wapi. Usinijibu. Ukifika pale, Mbeyu, hutamkuta yule marehemu. Utamkuta wewe mwenyewe, amekaa juu ya mbuzi. Na mimi nakwambia kwa ujuzi, hakuna mtu mgumu kama wewe. Ukimpeleka Lunga Lunga, mbuzi itabaki tupu, na hutaweza kuikalia. Kila siku utakula maharage na kuitazama.

Na lile neno ulilomwambia mama yako nililisikia nikiwa nje, kwamba Stefano atakuapia maneno yale yale aliyomwapia mwenzako marehemu, maneno yaliyokwisha kuvaliwa. Mimi na wewe tunapenda vitu vipya, najua. Lakini fikiri. Vijana wengine wote wanaposema mpaka kifo, wanakariri tu. Mimi nilipoapa nilikuwa natazama viatu vya Padri. Stefano alisema mpaka kifo, kifo kikaja, akakikuta mlangoni na bado ameshika mkono wa mkewe. Katika wote wanaokutaka, ni yeye peke yake ambaye kiapo chake kimekwisha kupimwa mpaka mwisho. Mama yako ndivyo alivyokuja kwangu. Nilipewa mke aliyekwisha kutimiza ahadi moja, na mimi kutwa nzima nalia kwamba ahadi ile haikuwa yangu. Ilinichukua miaka kuona kwamba ndiyo sababu nalala nimetulia.

Wivu hautoki. Sikudanganyi. Hata jana mama yako alipokuwa anakupima gauni alisema, "Laiti Mwalimu angemwona." Nilikuwa hapo hapo, nimeshika taa. Nilitaka kusema mimi namwona, mimi ndiye nimemwona siku zote, homa zake, meno yake, madaftari yake. Badala yake nilishika taa juu zaidi. Na kesho Padri akiuliza nani anamtoa huyu bibi arusi, atakayejibu ni baba yako mkubwa na fimbo yake ya shaba, kwa kuwa ndiyo damu. Mimi nitakuwa kwenye benchi la Mwalimu. Sawa. Nitakaa nimenyooka.

Nyuma ya sanduku lako utakuta kitu kimefungwa gunia. Ni mbuzi. Nimekuchongea mwenyewe. Ulimi wa chuma nilimpa fundi wa Ukunda, huo ni mzuri, utakula nazi kama mchwa. Mbao ni zangu. Mguu mmoja umezidi wenzake, ukikaa utainama kidogo upande wa kulia, utazoea. Ukifika usiiweke mlangoni. Iweke ndani, ukune nazi yako, upike, umpelekee yule mtoto sahani pale pale alipo, juu ya mbuzi ya mama yake. Usimwambie shuka. Usimwambie niite mama. Akikukatia kipande akakuita sijui nani mdogo, itika. Atakuja kukuvutia ile mbuzi mwenyewe siku moja, siku usiyoitazamia, pengine umevunjika nyonga. Atakuwekea masharti. Yashike.

Nimemaliza, na jua nalo linazama, wanawake wanauliza nani kachukua wino wa Mwalimu Mbeyu. Barua hii naiweka juu ya gunia.

Kesho kabla ya gari kuja nitakuwa kwenye kile kiti, ukumbini, nimekaa ukingoni kama kawaida. Kama bado unataka yale maneno yafike Msambweni, nipite tu bila kusema kitu, nitachukua baiskeli niwatangulie kanisani, nimwambie Stefano, na sitakulaumu maisha yangu yote. Lakini ukikubali yule mtoto abaki na mbuzi yake ibaki, basi ukinipita niwekee mkono begani, unisukume nyuma kidogo.

Usisukume kwa nguvu. Mgongo umezoea kusimama, utashtuka.

Ni mimi niliye mrefu kuliko picha,
baba yako mdogo,
Tsuma